"Wenye Kikomo" au "wa Kikomo"? Uhakiki wa Istilahi za Mvua Kubwa

Utangulizi

Katika kazi ya kusanifisha istilahi, makosa yaliyo mabaya si yale yanayochekesha. Neno likichekesha, msomaji hulishuku, akauliza, akasahihishwa. Kosa la hatari ni lile linalosomeka vizuri, lenye sarufi safi na sauti ya kitaalamu, lakini likawa linasema kinyume cha kile alichosema mwandishi wa asili. Makala haya yanahusu kosa la namna hiyo. Limo katika tofauti ya -enye na -a ya uhusiano, nayo yaweza kuamua upana wa kalavati na kimo cha tuta la lambo.

Nilikutana nalo mkoani Singida, nilipokuwa nikikusanya msamiati wa ujenzi wa barabara na hifadhi ya maji. Nilipewa kusoma tafsiri ya Kiswahili ya taarifa moja ya kitaalamu juu ya mvua kubwa, iliyokusudiwa isomwe na madiwani na watendaji. Ofisi iliyotoa taarifa sitaitaja, wala mfasiri wake, kwani haja yetu ni maneno. Tena yafaa nikiri mapema kwamba mfasiri huyo alifanya kazi kwa bidii, na kwamba baadhi ya maneno aliyoyatumia yamo pia katika rasimu za istilahi ambazo sisi wenyewe tumepata kuzisambaza.

Katika kikao cha kuijadili tafsiri ile, diwani mmoja aliinua mkono akauliza swali fupi: ikiwa mtawanyo wa mvua "una kikomo", kikomo chenyewe ni milimita ngapi? Wataalamu walitazamana. Swali lilikuwa la haki kabisa, kwa kuwa lilitokana na maneno yaliyokuwa mbele yake. Lakini jibu lake ni kwamba katika taarifa ya asili hakuna kikomo cha mvua kilichotajwa popote.

Kwa nini Singida

Mkoa wa Singida umo katika ukanda mkavu wa kati ya nchi. Mvua yake kwa mwaka ni baina ya milimita 500 na 800 hivi, nayo huja katika msimu mmoja, kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Msomaji asiyeijua nchi ile aweza kudhani kwamba mahali penye mvua haba hapana haja ya kuhofia mvua nyingi. Wenyeji hawadhani hivyo. Makorongo yanayokaa makavu miezi mingi hujaa kwa saa chache, na barabara inayoshuka Sekenke kuelekea mbuga ya Wembere hupita katika nchi ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni maji. Anayejenga lambo huko hutaka lijae, lakini hataki tuta lake libomoke.

Kwa hiyo mjenzi haulizi wastani wa mvua. Wastani humfaa mkulima wa mtama na alizeti. Mjenzi huuliza habari ya siku moja tu katika mwaka, yaani ile iliyopita nyingine zote kwa mvua. Huchukua kipimo cha siku hiyo kwa kila mwaka, akavipanga vipimo hivyo vya miaka mingi, kisha akajaribu kukisia jambo ambalo bado halijaonekana.

Kazi hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1974 maabara ya Uingereza inayochunguza usafiri na barabara ilitoa ripoti ya D. Fiddes na wenzake juu ya kukisia mvua za dhoruba katika Afrika Mashariki, na mwaka 1976 ikafuata modeli ya mafuriko ya eneo hilo. Wahandisi wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda walijifunza kazi kwa ripoti hizo, na ramani zake za mvua ya siku moja. Walijifunza kwa Kiingereza, na ndiyo maana sisi tumechelewa kuyatafutia mambo haya maneno.

Jambo lenyewe

Kabla ya kuhakiki neno, ni wajibu kulielewa jambo. Tuchukue sampuli ya vipimo, tuseme mvua ya siku 60 zenye mvua katika mwaka mmoja, tukachagua kilicho kikubwa kuliko vyote. Tukifanya hivyo kwa miaka mingi tutapata orodha ya vile vikubwa, nayo ina mtawanyo wake, ulio mbali na mtawanyo wa vipimo vya kawaida.

Mwaka 1928 R. A. Fisher na L. H. C. Tippett walionyesha jambo la ajabu. Sampuli ikizidi kuwa kubwa, na vipimo vikirekebishwa kwa mizani ifaayo, mtawanyo wa vile vikubwa, kama unatulia, hauwezi kutulia ila katika umbo mojawapo kati ya matatu. Mwaka 1943 B. V. Gnedenko alilithibitisha jambo hilo kwa ukamilifu. Maumbo hayo leo huitwa kwa majina ya Gumbel, Fréchet na Weibull. Katika umbo la Weibull pana dari, yaani ipo thamani ambayo haiwezi kupitwa. Katika umbo la Gumbel hapana dari, ila uwezekano wa thamani kubwa hupungua upesi. Katika umbo la Fréchet pia hapana dari, na uwezekano huo hupungua polepole, ndipo wataalamu husema kwamba mtawanyo una mkia mzito.

Basi mtawanyo ule ambao vinginevyo huuelekea kadiri sampuli inavyokua ni "mtawanyo wa kikomo". Neno "kikomo" hapa linahusu safari ya mitawanyo, wala halihusu mvua. Ni mahali ambapo mfuatano unaelekea, kama vile 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea unavyoelekea sifuri.

Uhakiki wa maneno

Neno la kwanza ni "mtawanyo wenye kikomo". Mfasiri alikusudia kusema mtawanyo ulio kikomo cha mfuatano. Lakini -enye katika Kiswahili huonyesha umilikaji wa sifa. Mtu mwenye mali ana mali, na chumba chenye dari kina dari. Vivyo hivyo mtawanyo wenye kikomo una kikomo, yaani mvua haiwezi kukipita. Ndivyo alivyoelewa yule diwani, na ndivyo atakavyoelewa kila ajuaye Kiswahili. Kati ya maumbo matatu tuliyoyataja, maelezo hayo hulifaa moja tu, nalo silo lililotumika katika taarifa. Neno sahihi ni "mtawanyo wa kikomo". Lile la kwanza lihifadhiwe kwa kazi nyingine, au liachwe.

Neno la pili ni "kikomo cha juu cha sampuli", lililotumika kwa kile kipimo kikubwa kuliko vyote katika sampuli. Hapa kosa la kwanza limezaa la pili. Kipimo kikubwa cha mwaka huu si kikomo cha kitu chochote, bali ni kikubwa kati ya vilivyoonekana, na mwakani chaweza kupitwa. Wako wanaopendekeza "upeo wa sampuli". Pendekezo hilo ni jepesi kwa ulimi, lakini tusemapo kwamba jambo limefika upeo wake twamaanisha kwamba halina pa kwenda tena. Upeo wa macho ni pale jicho linapokoma.

Napendekeza neno "kinara". Wasomaji wa habari za michezo wanalifahamu vyema. Kinara wa mabao ni mchezaji aliyewapita wenzake hadi leo, na hakuna anayeshangaa akipitwa Jumapili ijayo. Sifa hiyo ya kuongoza kwa sasa bila ahadi ya kesho ndiyo hasa tunayoitafuta. Tuseme "kinara cha sampuli", na wingi wake "vinara", kwa upatanisho wa ki-vi, ili kitofautiane na kinara ambaye ni mtu. Najua kwamba kinara ni pia chombo cha kusimamishia mshumaa au taa. Sidhani kwamba mhandisi atachanganyikiwa.

Neno la tatu ni "thamani za kipeo", lililotumika kwa jumla ya fani hii. Lina kasoro ya wazi. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba kipeo ni ile tarakimu ndogo ya juu, na kwamba tatu kwa kipeo cha pili ni tisa. Tumekwisha kulitoa neno hilo kwa hisabati, na watoto wamelipokea. Tukilitumia tena kwa maana nyingine katika somo lile lile, tutakuwa tumewatapeli. "Thamani za ncha" latosha. Linajumuisha kubwa kabisa na ndogo kabisa, kwa kuwa ncha ziko mbili, nalo litamfaa pia mtu achunguzaye ukame.

Neno la nne ni "kipindi cha kurudi", na ndugu yake "mvua ya miaka mia". Maneno haya yametafsiriwa sawasawa kutoka lugha ya asili, na ubaya umo katika lugha ya asili yenyewe. Kinachorudi huwa kimekwenda, na kikienda kwa miaka mia basi tuna amani ya miaka mia. Sivyo. Maana yake ni mvua ambayo uwezekano wake wa kufikiwa au kupitwa ni 1 kwa 100 katika kila mwaka, bila kujali mwaka uliopita ulikuwaje. Kalavati likikaa miaka 30, uwezekano wa kukutana na mvua hiyo angalau mara moja ni asilimia 26. Tuseme "mvua ya moja kwa mia". Ni fupi, na inabeba maana yake.

Kasi ya kukaribia

Neno la tano linahitaji nafasi yake peke yake, kwa maana ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Taarifa ya asili ilionya kwamba mtawanyo wa vinara hukaribia mtawanyo wa kikomo kwa mwendo wa polepole, na kwa hiyo makadirio yatumike kwa hadhari. Tafsiri ilisema "kasi ya kufika ni ndogo". Tofauti ya kufika na kukaribia yaonekana ndogo, lakini anayefika amekwisha kufika, hata kama alichelewa. Msomaji huelewa kwamba vipimo vya miaka iliyopita vimekwisha kufika penye kanuni, na kwamba kilichobaki ni hesabu tu. Onyo likageuka kuwa kibali.

Tuone kwa tarakimu. Chukua mtawanyo mwepesi kuliko yote, ule wa kieksponenti. Kikomo chake ni Gumbel. Uwezekano kwamba kinara hakipiti logi ya ukubwa wa sampuli ni 0.349 sampuli ikiwa ya vipimo 10, ni 0.365 ikiwa ya vipimo 60, na 0.366 ikiwa ya vipimo 100. Kikomo ni 0.368. Hapa mwendo ni wa haraka: ukiongeza sampuli mara kumi, kosa hupungua karibu mara kumi.

Sasa chukua mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele ambao walimu wetu huupenda. Kikomo chake ni Gumbel vile vile. Lakini Fisher na Tippett waliona tangu 1928 kwamba mwendo wake ni wa kinyonga, na mwaka 1979 Peter Hall alithibitisha kwamba, hata kwa mizani iliyo bora kuliko zote, kosa hupungua kwa kadiri ya moja juu ya logi ya ukubwa wa sampuli. Maana yake ni nzito. Ili kulipunguza kosa kwa nusu haitoshi kuongeza sampuli maradufu. Ni lazima ukubwa wake uzidishwe kwa wenyewe, hata vipimo 60 viwe 3600.

Mitawanyo miwili, basi, yaelekea kikomo kimoja, mmoja kwa mbio na mwingine kwa kutambaa. Anayejua kikomo peke yake hajui bado yuko umbali gani nacho. Huko Singida siku zenye mvua katika mwaka ni chache, tena hazikai mbalimbali, kwani siku ya mvua huivuta nyingine. Kwa hiyo sampuli ya kweli ni ndogo kuliko hesabu ya siku zenyewe.

Milimita zinazopotea

Yawezekana msomaji akauliza hasara ya haya yote ni nini. Tufanye mfano wa kubuni. Tuseme kituo kimoja kimetuonyesha kwamba mvua ya siku moja yenye uwezekano wa moja kwa mbili ni milimita 60, na ile ya moja kwa kumi ni milimita 90. Hayo mawili twaweza kuyapata kwa miaka isiyo mingi ya vipimo. Sasa mjenzi anataka ile ya moja kwa mia.

Akitumia umbo la Gumbel atapata milimita 127. Akitumia umbo la Fréchet lenye kigezo cha umbo 0.15, atapata milimita 141. Akiamini tafsiri isemayo "wenye kikomo", akatumia umbo la Weibull lenye kigezo cha kadiri hiyo hiyo kwa upande wa pili, atapata milimita 117, na ataambiwa kwamba mvua haitapita milimita 182 milele. Maumbo yote matatu yanakubaliana penye 60 na 90. Yanaachana pale tu ambapo hatuna vipimo.

Tofauti ya milimita 24 kwa siku moja si jambo la kupuuzwa. Milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1000 za maji. Kwa lambo linalopokea maji ya kilomita 10 za mraba, milimita 24 ni mita za ujazo 240,000 zinazonyesha juu ya bonde lake. Hata kama sehemu kubwa itanywewa na ardhi, zitakazobaki zitalifikia tuta.

Tena uchunguzi wa karne hii umeonyesha upande gani una hatari zaidi. Mwaka 2013 S. M. Papalexiou na D. Koutsoyiannis walichapisha uchambuzi wa orodha zaidi ya 15,000 za vinara vya mvua ya siku kutoka sehemu nyingi za dunia. Waliona kwamba umbo la Fréchet ndilo linalofaa zaidi, na kwamba orodha fupi huuficha mkia mzito. Mwenye vipimo vya miaka michache huelekea kudhani kwamba mvua ni pole kuliko ilivyo. Nasi ndio wenye orodha fupi.

Jirani zetu wa Hanang, mkoani Manyara, wanajua maana ya siku moja. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe kutoka mlimani viliushukia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Sisemi kwamba istilahi ingeliuzuia mlima. Nasema kwamba watu waliobaki wanastahili kuelezwa habari ya siku kama hiyo kwa maneno yasiyowaahidi dari isiyokuwapo.

Hoja ya upande wa pili

Wako watakaosema kwamba mhandisi hasomi tafsiri, kwamba hurudi kwenye Kiingereza chake akafanya hesabu sawasawa, na kwa hiyo maneno yetu hayana madhara. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba hesabu ya kalavati haifanywi kwa Kiswahili. Lakini fedha za kalavati huombwa, hujadiliwa, hupunguzwa na kupitishwa kwa Kiswahili. Mhandisi akitaka daraja pana zaidi, atasimama mbele ya kikao kueleza sababu. Ikiwa maneno aliyo nayo ni "kikomo" na "kufika", atakuwa ameshindwa kabla ya kuanza, kwa kuwa wasikilizaji watauliza kwa nini wajenge kupita kikomo.

Hoja nyingine ni kwamba tungekopa tu: "maksima", "limiti", na mengineyo. Sina chuki na kukopa. Kalavati lenyewe ni la kukopa, nalo limekaa vizuri barabarani. Lakini hapa maneno tunayo, na wasemaji wanayaelewa. Kilichokosekana ni kuyapangia kila moja mahali pake.

Hitimisho

Kwa kifupi, napendekeza maneno matatu yatengwe kabisa yasiingiliane. "Kinara" kiwe kile kikubwa kilichoonekana katika sampuli. "Kikomo" kiwe kile ambacho mfuatano unakikaribia. "Upeo" uwe dari ya mtawanyo, pale tu dari ilipo, ili umbo la Weibull liitwe "mtawanyo wenye upeo", na yale mengine mawili "mitawanyo isiyo na upeo". Kisha tuseme "kasi ya kukaribia", tusiseme kamwe "kasi ya kufika". Tuseme "thamani za ncha" na "mvua ya moja kwa mia".

Wafasiri wajaribu maneno haya katika kazi zao, na walimu wa hisabati watuambie kama yanagongana na yale wanayofundisha. Hasa wahandisi wa mikoa mikavu watuandikie wanasema nini wao kwa wao wanapokuwa kazini, kwani mara nyingi neno lililo bora limekwisha kusemwa kando ya korongo kabla halijafika mezani petu.

Na yule diwani wa Singida anadaiwa jibu bado. Aliuliza kikomo cha mvua ni milimita ngapi. Jibu lililo kweli ni hili: kinara cha orodha yetu tunakijua, upeo wa mvua hatujauona, na tuta lijengwe na mtu ayajuaye yote mawili.